Nikipungua kilo, moyo utatulia?

Barua za safari hii nyingi ni za moyo unaodunda bila mpangilio, na karibu kila aliyeandika anauliza kama chakula chake kinahusika. Nimechagua saba. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi si daktari. Mnaniandikia "Dokta" miaka yote na nimeacha kubishana. Ni mtaalamu wa lishe, nakaa chumba cha mwisho kwenye kliniki ya moyo hapa Dar es Salaam, chumba wanakoletwa watu walioambiwa "nenda ukapunguze uzito" bila kuambiwa wapunguze vipi. Kuandika dawa au kubadili dozi si kazi yangu. Nikizitaja dawa hapa, ni pale zinapokutana na chakula.

"Dada, habari za kazi. Nina miaka 58, nauza vipuri vya magari. Uzito kilo 108, urefu futi tano na inchi nane. Tangu mwaka jana moyo unanienda mbio, unatulia, unaruka, hasa usiku. Nilipimwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, nikaambiwa ni AF. Natumia dawa ya presha, bisoprolol, na vidonge vya kuzuia damu isigande. Daktari anasisitiza nipungue. Mke wangu anacheka, anasema mtu mnene huambiwa apungue hata akienda kung'oa jino. Kweli kupungua kutanirudishia mapigo? Na nikishapungua, naweza kuachana na hivyo vidonge vya damu? Vinanimaliza mfuko." (Mwenye duka, Morogoro)

Kaka, nisalimie wifi. Ana haki ya kucheka, maana ushauri wa "pungua" umetolewa ovyo mpaka hausikiki tena. Lakini kwa ugonjwa wako huu na kilo zako hizo, daktari hakubahatisha.

AF, kwa kirefu atrial fibrillation, ni hivi. Moyo una vyumba vinne, na viwili vya juu kazi yake ni kupokea damu na kuisukuma chini. Kwenye AF vile vya juu haviminyi tena, vinatetemeka tu kama maji yanayoanza kuchemka, na vya chini vinapokea amri za umeme zisizo na utaratibu. Ndiyo maana ukishika mshipa wa mkono unakuta pigo moja limewahi na jingine limechelewa. Damu inayozubaa kwenye kona ya chumba cha juu cha kushoto inaweza kuganda, bonge likachomoka, likapanda kwenye ubongo. Hicho ndicho kiharusi, na mwenye AF hatari yake ya kukipata ni karibu mara tano ya asiye nayo.

Uzito unaingia kwa milango mingi. Mwili mkubwa unadai damu nyingi, kwa hiyo vyumba vya juu vinatanuka. Presha ikipanda inavitanua zaidi. Kuna pia mafuta yanayokaa juu ya moyo wenyewe, mbali na yale ya tumboni unayoyaona kwenye kioo, na hayo yanatoa kemikali zinazoacha uvimbe na makovu kwenye nyama ya moyo. Umeme ukifika kwenye kovu unapotea njia. Halafu kuna kukoroma. Hapa usijiulize mwenyewe, muulize wifi: usiku unakoroma, pumzi ikakatika kidogo, kisha ukashtuka kwa mkoromo mkubwa? Hali hiyo huwapata sana wenye shingo nene na ni mchochezi mkubwa wa AF. Umeandika kuwa moyo unakusumbua hasa usiku. Mwambie daktari neno hilo, kwa sababu wanaume wengi hawalisemi, na ukipimwa usingizi ukakutwa nayo, matibabu yake yapo.

Sasa ushahidi. Mwaka 2015 madaktari wa Adelaide, Australia, walichapisha matokeo ya watu 355 wenye AF na uzito uliozidi, waliokuwa wakifuatiliwa kwa miaka kadhaa. Kati ya kila 100 waliopunguza asilimia 10 au zaidi ya uzito wao, zaidi ya 45 walikaa bila AF, tena bila dawa za mapigo na bila ile tiba ya kuunguza njia za umeme ndani ya moyo. Waliopunguza asilimia 3 hadi 9 walikuwa 22 kati ya 100. Walioshindwa kufika hata asilimia 3, walikuwa 13. Si kura iliyowapanga watu hao kwenye makundi, kila mmoja alipungua kadiri alivyoweza, kwa hiyo usizichukue namba hizi kama ahadi. Ila timu hiyohiyo, mwaka 2013, ilikuwa imewagawa watu 150 kwa kura, na kundi lililosaidiwa kupungua kwa dhati lilipata dalili chache na nyepesi kuliko wenzao.

Kwako wewe asilimia 10 ni kilo 11. Kutoka 108 kwenda 97. Hakuna anayekuomba urudi kwenye suruali ya harusi.

Kwenye utafiti ule wa 2015 kuna jambo ninalolirudia chumbani kwangu mpaka nakera watu: wale ambao uzito uliyumba, ukashuka na kupanda kwa zaidi ya asilimia 5, walipoteza sehemu ya faida. Kwa hiyo mpango wa kufyeka kilo 11 kabla ya Krismasi na kuzirudisha kufika Pasaka, bora usiuanze. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Kwa mwendo huo kilo 11 ni kama miezi mitano, na mwenye duka anajua faida ndogo ya kila siku inavyojumlishika.

Hukuniandikia unakula nini, nami sitajifanya mganga. Nitakueleza ninachokikuta kwa wanaume wengi wa dukani: asubuhi supu na chapati mbili, mchana ugali wa kufunika sahani, soda mbili tatu kwa sababu ya joto na wateja, kisha mlo mkubwa wa siku saa tatu usiku, kitandani saa nne. Kama ni wewe, ningeanza na soda. Chupa moja ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai vinane hadi tisa, na haimshibishi mtu. Ikitoka hiyo peke yake, kuna watu mizani inaanza kusogea kabla hawajagusa kitu kingine.

Halafu ningehamisha mlo. Kula cha kutosha mchana, usiku kula kidogo na kabla ya saa mbili. Wagonjwa wengi wa AF wanasema mapigo yanawaanza wakilala wameshiba, na sioni sababu ya kuwabishia. Ugali usiufute. Mtu wa Morogoro aliyefuta ugali huurudia wiki ya tatu kwa hasira. Upunguze uwe kama ngumi yako, nafasi iliyobaki ijae mboga za majani na maharage. Wifi apime mafuta kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye dumu: kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120, na mchuzi wa watu wanne hauhitaji zaidi ya viwili. Chumvi nayo, kwa sababu ya presha. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyojificha kwenye viungo vya mchuzi vya pakiti, soseji na mkate. Mizani panda mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya msalani. Ukipanda kila siku utachanganyikiwa na maji.

Tembea. Nusu saa, siku nyingi za wiki, kwa mwendo wa mtu anayewahi benki. Kama unaishiwa pumzi au kifua kinabana, simama, daktari akuone kwanza.

Na kama bia ipo kwenye hadithi yako, ingawa hukuitaja: mwaka 2020 kule Melbourne walichukuliwa wanywaji 140 wenye AF, watu wa kawaida, si walevi, nusu wakaambiwa waache. Ndani ya miezi sita AF iliwarudia 53 kati ya kila 100 ya walioacha, na 73 kati ya kila 100 ya walioendelea. Walioacha walipungua pia, bila shaka. Bia ni mkate wa maji.

Swali la vidonge vya damu sasa. Hapana, usiviache. Kinachoamua nani avimeze ni umri, presha, kisukari, moyo kuchoka, kiharusi cha zamani na mengine ya namna hiyo. Kilo kwenye mizani hazimo katika hesabu hiyo, na AF inaweza kupita usiku mzima bila wewe kuihisi. Kinachoweza kupungua ni dawa ya presha, kwa sababu mtu akipungua presha hushuka, na ukianza kuona kizunguzungu unapoinuka rudi ukapimwe mapema. Bei ikikulemea, ongea na daktari kuhusu dawa mbadala kabla hujaruka hata siku moja. Wako wanaokula kidonge siku moja na kuacha siku moja ili kubana matumizi, na hao wananinyima usingizi kuliko wale wasiopungua.

"Shikamoo Dokta. Nina miaka 26, mwezi ujao nina sendoff. Nakunywa chai ya kupunguza tumbo asubuhi na jioni, na Jumatatu hadi Jumatano nakunywa maji tu. Nimepungua kilo sita kwa wiki tatu. Ila naharisha, miguu inakaza usiku, na moyo unaruka-ruka. Rafiki yangu anasema ni sumu zinatoka. Niendelee?" (Bibi harusi mtarajiwa, Mwanza)

Marahaba mwanangu. Acha leo, usimalize pakiti.

Hakuna sumu inayotoka. Kinachotoka ni maji na madini. Chai nyingi za aina hiyo zina sanamaki, majani ambayo bibi zetu waliyatumia kufungua choo mara mojamoja, si asubuhi na jioni kwa wiki tatu. Ukiharisha mfululizo unapoteza potasiamu na magnesiamu, na hizo ndizo zinazouwezesha umeme wa moyo kujipanga upya baada ya kila pigo. Kukaza kwa miguu ni dalili yake, na moyo nao ni msuli. Ongeza siku tatu za maji matupu, ambazo hazirudishi hata chembe ya kilichopotea, na umeuweka moyo wa miaka 26 kwenye hatari ya mzee. Sehemu kubwa ya zile kilo sita ni maji na choo. Zitarudi ukila wali siku mbili.

Sikutishi kwa hewa. Marekani, kwenye miaka ya 1977 na 1978, watu walikuwa wakijipunguza kwa kunywa protini ya maji peke yake kwa miezi. Makumi yao walikufa, baadhi wakiwa watu wasiokuwa na ugonjwa wowote wa moyo, na vipimo vya ECG vilionyesha umeme wa moyo uliovurugika. Kisha kuna yale ambayo hayaandikwi kwenye pakiti. Sibutramine ilikuwa dawa ya kukata hamu ya kula, ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu iliongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wenye magonjwa ya moyo. Hadi leo hukutwa imechanganywa kimyakimya kwenye vidonge, kahawa na chai zinazouzwa kwa jina la asili. Sijui iliyomo kwenye yako, na muuzaji wako hajui pia.

Leo hii nenda hospitali, beba pakiti, sema ukweli wote, upimwe ECG na potasiamu kwenye damu. Usijitibu kwa ndizi na maji ya dafu ukiwa nyumbani, kwa sababu potasiamu ikishuka sana inarudishwa kwa kipimo. Ukizimia, au moyo ukienda mbio usitulie, usingoje kupambazuke. Na akitokea wa kukushauri utafune mirungi ili ukate njaa, huyo muepuke kabisa: inapandisha mapigo na presha kwa mkupuo mmoja. Gauni mpelekee fundi, atalitoa kwenye mishono kwa nusu siku.

"Asalaam aleikum bibi. Mamangu ana miaka 69, ana AF na ni mzito. Ameazimia Ramadhani hii afunge na apungue papo hapo. Atumia rivaroxaban, ya kuzuia damu isigande, mara moja kwa siku, na dawa ya kukojoa. Nduguye amwambia ile rivaroxaban ameze alfajiri kwa maji tu. Mimi nifanyeje?" (Binti, Mombasa)

Waaleikum salaam. Kwanza hilo la maji tu: hapana. Rivaroxaban ya miligramu 15 au 20 humezwa pamoja na chakula. Tumboni pasipokuwa na kitu, sehemu ya dawa haifiki kwenye damu, na mama atakuwa akijiona amekingwa kumbe nusunusu. Wakati mzuri ni futari, na kwa futari nakusudia mlo wenyewe, si tende tatu na kahawa. Wapo wasomaji wanaotumia apixaban, ya kundi hilohilo, ambayo humezwa mara mbili kwa siku. Hiyo haina masharti ya chakula na huweza kugawanywa kati ya futari na daku, lakini masaa yake mpangiwe na anayewatibu, maana kutoka futari hadi daku si mbali.

Dawa ya kukojoa ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Joto la Mombasa, kiu ya mchana kutwa, na kidonge kinachomwaga maji na potasiamu: hapo mapigo huvurugika na figo huumia. Mpelekeni akaonwe kabla ya mwezi kuandama, apimwe figo na chumvi za damu, daktari aseme kama dozi ihamishwe au kama kufunga hakumfai kabisa. Akikatazwa, dini imempa mgonjwa nafasi yake. Hilo aliulize kwa sheikh wake, ila aende akiwa na neno la daktari mkononi, maana wazee wetu wana desturi ya kumweleza sheikh nusu ya ugonjwa.

Kuhusu kupungua, mimi ni mtu wa Tanga na naijua futari. Viazi vya nazi, mbaazi za nazi, kaimati, mkate wa sinia, sharubati, kisha saa nne usiku biriani ya jirani. Nimeona Ramadhani ikiongeza kilo Pwani mara nyingi kuliko kupunguza. Mama afuturu kwa tende na maji, aswali, kisha ale sahani moja: chungu kimoja tu cha nazi, si vitatu, pamoja na samaki na mboga. Kaimati ziwe za Ijumaa. Na kinywaji kisiwe cha barafu, kikagugumiwa kwa pupa mara baada ya adhana. Wako watu wenye AF ambao kinywaji baridi sana kinawaanzishia mapigo palepale, na kama mama ni mmoja wao atakuwa keshalijua, hajawaambia tu.

"Nipo Arusha, miaka 63, natumia warfarin ya kuzuia damu isigande. Jirani aliniambia mboga za majani ni adui wa dawa hiyo, nikaacha zote miezi mingi. Sasa nimeanza mpango wa kupungua wa kunywa juisi ya kijani kila asubuhi: mchicha, sukuma wiki, tango. Kliniki wameniambia INR imeshuka hadi 1.4 na wamenigombeza. Nimekosa wapi?" (Mwalimu mstaafu)

Shikamoo Mwalimu. Umepita kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Warfarin inafanya kazi kwa kuzuia vitamini K, na vitamini K imejaa kwenye mchicha, kisamvu, matembele, sukuma wiki na mnafu. INR ndiyo inayoonyesha damu imelegezwa kiasi gani, na kwa mwenye AF hutakiwa iwe kati ya 2 na 3. Dozi yako ilipangwa wakati huli mboga kabisa. Ukaingiza glasi nzima ya majani kila siku, 1.4 si ajabu.

Mboga si adui. Kinachotakiwa ni kiasi kilekile wiki hadi wiki, hata kama ni kingi. Mtu anayekula mchicha kila siku dozi yake hupangwa juu ya mchicha huo na maisha yanaendelea. Chagua kiasi utakachokiweza mwaka mzima, tuseme upawa mmoja wa mboga zilizopikwa kila siku, waambie kliniki, warudie kupima INR mapema na kwa karibu zaidi mpaka itulie. Juisi mimi siipendi, kwa sababu mtu hunywa kwa glasi moja majani ambayo asingeweza kuyatafuna. Kula kidogo sana nako kunabadili INR, safari hii kwa kuipandisha, na hapo fizi zinaanza kutoka damu. Kwa hiyo kila ukibadili mlo, iwe kupunguza au kuongeza, kliniki ijue kabla, isije ikagundua kwa kipimo. Vidonge vya kitunguu saumu na vya "kusafisha damu" viweke kando. Kitunguu saumu cha mchuzi hakina neno.

Kwa wanaotumia amiodarone, dawa ya kutuliza mapigo: balungi, ambalo kwenye mipango mingi ya kupungua limepewa sifa kubwa, linaipandisha dawa hiyo kwenye damu. Kula chungwa.

"Nina miaka 34, nimepungua kilo tisa bila kujinyima kitu, nakula kuliko zamani. Wenzangu ofisini wananiuliza siri. Ila moyo unanidunda hata nikiwa nimekaa, mikono inatetemeka, na joto halivumiliki. Nifurahie?" (Mfanyakazi wa benki, Dodoma)

Usifurahie bado, mdogo wangu. Kupungua bila kukusudia huku unakula vizuri, pamoja na mapigo ya kasi, mtetemeko na kuchukia joto, ni picha ya tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi. Tezi hiyo iliyoko shingoni ikizidisha homoni huweza kuuingiza moyo kwenye AF, hata wa kijana. Kipimo ni cha damu, kinaitwa TSH, pamoja na ECG. Tezi ikitibiwa, mara nyingi moyo hutulia wenyewe, na baadhi ya kilo zitarudi. Zipokee. Sukari nayo ipimwe papo hapo, maana kisukari pia hukondesha.

"Binti yangu ana miaka 19, valvu ya moyo iliharibiwa na homa ya rumatiki, sasa ana AF. Ni mwembamba sana. Nimesoma kwamba AF inatibiwa kwa kupunguza uzito. Nimpunguzie chakula?" (Mama, Njombe)

Usimpunguzie hata kijiko, mama. Yote niliyomwambia kaka wa Morogoro ni kwa AF inayotokana na uzito, presha na umri. Ya binti yako imetoka kwenye valvu iliyoharibika, inayoifanya damu irundikane nyuma yake na kukitanua chumba cha juu. Anahitaji kula ashibe: mayai, maharage, dagaa, maziwa, na chumvi kidogo. Anahitaji pia sindano zake za penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kama alivyopangiwa. Warfarin asibadilishiwe na mtu wa duka la dawa kwa kuwa "kuna mpya zisizo na masharti". Mwaka 2022 ulitoka utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 4,500 wenye AF na moyo ulioharibiwa na rumatiki, katika nchi 24, na waliopewa dawa za kundi la warfarin waliishi zaidi kuliko waliopewa rivaroxaban.

Mizani mnunulie hata hivyo, kwa kazi nyingine. Akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, si mwili huo, ni maji, na moyo unaelemewa. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hasa akianza kulalia mito miwili.

"Je, kahawa niache? Na mafuta ya samaki ya vidonge niliyouziwa kwa ajili ya moyo, yananisaidia AF?" (Msomaji wa simu, Zanzibar)

Kahawa nilikuwa nikiikataza kwa kufuata mazoea, kama wenzangu wote. Mwaka 2025 ulichapishwa utafiti wa watu 200 wenye AF ambao mapigo yao yalikuwa yamerudishwa sawa kwa mshtuko wa umeme, nusu wakinywa angalau kikombe kimoja kwa siku, nusu wakiacha kabisa kafeini. AF iliwarudia 47 kati ya kila 100 ya wanywaji, na 64 kati ya kila 100 ya walioacha. Kwa hiyo kikombe chako cha barazani endelea nacho, kama mwenyewe huoni kinakusumbua. Sukari ndiyo ya kuangalia, na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu siviruhusu.

Mafuta ya samaki ya vidonge, hapana. Kwa dozi kubwa, ya gramu 4 kwa siku, yameonekana kuongeza AF, na kwa dozi ndogo hayakuonekana kuizuia. Kopo likiisha usinunue jingine. Hela hiyo nunua vibua, wale mara mbili kwa wiki, wakiwa wa kuchoma au wa mchuzi wa ndimu.